Pweza Waliopimwa Bila Matumbo

Nilishuka Somanga kutoka kwenye lori la korosho nikiwa na nia ya kulala siku moja tu. Nikakaa miezi, kwa sababu ya mizani.

Mizani ilikuwa ya dada mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akitafiti pweza. Ili ahitimu, alitakiwa achapishe makala katika jarida la kisayansi. Mimi shule niliiacha darasa la sita, ila kwa kuuliza maswali sina mshindani. Yeye alipochoka kunijibu, akanipa kazi: maji yakipwa, nipime pweza wanaoletwa na akina mama kutoka mwambani, niandike uzito kwenye daftari. Kisha akarudi Dar es Salaam.

Mwezi wa kwanza niliwapima kama walivyotoka majini. Mwezi wa pili mkubwa wa wale akina mama akanisimamia kichwani.

“Wewe mgeni, unapima na uchafu wake? Kwenu watu wanakula matumbo ya pweza?”

“Shikamoo mama. Dada hakuniambia.”

“Marahaba. Hakukwambia kwa sababu alidhani una akili.”

Wenzake wakacheka mpaka kapu likamwagika. Tangu siku hiyo nikawa nasubiri pweza atolewe matumbo na kuoshwa, ndipo nampima. Pale ufukweni anayeuza na uchafu huitwa mwizi, na mimi sikutaka dada apelekewe uzito wa uongo.

Baadaye nikahamia kijiji cha Tingi, nikawa navuna ufuta wa watu. Dada akanipigia simu.

“Kaka, makala imerudi. Msomaji mmoja ana swali.”

Aliwahi kunieleza kwamba makala husomwa kwanza na wataalamu wawili wasiotajwa majina. Hilo lilinichanganya tangu mwanzo. Sikuwahi kuona mzee wa baraza akihukumu huku amejifunika uso.

“Anauliza kama pweza walipimwa wakiwa na matumbo yao. Mimi nimeandika kwamba mwezi wa pili wamekuwa wadogo, na makala nzima imesimama hapo. Walikuwa na matumbo, siyo?”

Ningeweza kusema ndiyo. Pweza wenyewe walishaliwa na abiria wa mabasi yanayosimama Somanga. Lakini mtu asiyejulikana, ambaye labda hajui hata Somanga iko wapi, alikuwa amekiona kisu cha wale akina mama ndani ya namba zangu. Niliogopa.

“Mwezi wa kwanza, ndiyo. Wa pili nilisubiri wasafishwe.”

“Wasafishwe?”

“Ili uzito uwe wa haki, dada.”

Akauliza, taratibu, kama naikumbuka siku niliyoanza kusubiri wasafishwe. Nikamwambia iko kwenye daftari. Pembeni mwa siku hiyo nilichora kisu.

Aliiondoa makala. Wenzake wa chuo wakahitimu, yeye akarudi Somanga, akaniita. Safari hii tulimpima kila pweza mara mbili, na matumbo na bila matumbo.

“Pweza mmoja mara mbili!” yule mama akasema. “Ndiyo maana hamumalizi shule, wote wawili.”

Dada alicheka. Sikujua kama nami nimeruhusiwa kucheka, nikaendelea kuandika. Makala mpya imeshapelekwa. Inasomwa na wale wale wawili, au na wengine. Hata yeye hajui. Mimi sijaondoka bado. Nasubiri waulize.