Mjane Asiye na Marehemu

Yasmini, binti wa kaka yangu, ni mjane, na anayebisha aje anibishie mimi Merina, shangazi yake. Alikaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja hapa Buzebazeba, nikimpikia kwa mkono wangu. Ujiji nzima ilikuja kumpa pole. Lakini kwenye makaratasi ya serikali mumewe yuko hai, mzima wa afya.

Mume mwenyewe alikuwa Dunia, fundi wa injini za boti, Mbembe ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa. Yasmini aliuza mawese sokoni, Dunia akaunguza mikono kwa dizeli, na kwa miaka kumi na moja wakainua nyumba ya vyumba vinne. Leseni ya makazi iliandikwa jina la Dunia. Mwaka juzi aliitwa kutengeneza injini katika mji mmoja wa ng'ambo, sitautaja, wenyewe wana masikio. Homa ikamshika, siku ya tatu akafa, wakamzika siku ile ile kama ilivyo kwetu Waislamu. Thobias, aliyesafiri naye, ndiye aliyerudi na begi la spana na karatasi ya hospitali. Akasema Yasmini aende upesi, maana ofisi ya kule haitoi cheti cha kifo mpaka imwone mke mwenyewe.

Mimi nikasema haendi. Mwanamke wa eda apande boti, akae ziwani na wanaume kutwa nzima, watu waseme nini? Alinisihi mara mbili. Nikamwambia karatasi haiozi. Shehe sikumuuliza, kwa sababu nilijiona najua.

Siku ya arobaini tulisoma hitima. Hamdani, mdogo wake Dunia, ndiye aliyesimamia kila kitu, kuanzia mbuzi mpaka mikeka. Aliinua mikono akamwombea kaka yake kwa jina lake na jina la mama yao, akalia mpaka tukaanza kumbembeleza yeye badala ya mjane. Pilau aliila, na nyingine akafungasha.

Eda ilipofika mwezi wa tatu, mji ule ukatekwa. Waliouteka hawakujiita waasi, walijiita serikali. Bendera wanayo, muhuri wanao, ushuru wa soko wanatoza, hata trafiki wamemweka barabarani. Wasichokuwa nacho ni nchi hata moja ya kuwatambua. Sisi tulisikia habari hizo redioni tukaendelea kuchambua mchele. Nani angejua zinaihusu nyumba ya Buzebazeba?

Eda ilipoisha tulivuka, mimi na yeye. Kaburini tulikwenda kwanza. Yasmini aling'oa majani kwa mikono. Kisha ofisini, tukamkuta karani mzee ambaye alituambia ana miaka ishirini kwenye meza ile, na kilichobadilika ni muhuri tu. Akaandika cheti kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri mpya. Karatasi ya hospitali akaichukua iingie kwenye faili, ndivyo walivyoagizwa, na Yasmini akampa bila wasiwasi. Alikuwa mtu mwema, hakututaka hata soda.

Tuliporudi Kigoma, afisa wa vizazi na vifo aitwaye Catherine alikisoma kile cheti mara tatu.

“Mama, waliotoa cheti hiki kwetu si serikali,” akasema. “Siwezi kukipokea.”

Nikamuuliza kama kaburi nililolikanyaga nalo si kaburi. Akasema anatuelewa, lakini sheria si yake. Tuende kwa wawakilishi wa serikali ya kule inayotambulika. Tukaenda. Wale wakasema wataanza na karatasi ya hospitali, tuilete. Karatasi yenyewe ndiyo hiyo iliyobaki kwenye faili la wasiotambulika, na tulipomtuma Thobias kuifuata alijibiwa kwamba karatasi zote za utawala wa zamani zimechomwa.

Hamdani akazipata habari. Kikulacho ki nguoni mwako! Sheria ya mirathi ilikuwa haimpi hata tofali, kwa kuwa Dunia ameacha mtoto wa kiume. Lakini kama Dunia hajafa, mirathi itoke wapi? Akahamia chumba cha mbele na kitanda chake, akasema analinda mali ya kaka yake mpaka atakaporudi. Mpaka atakaporudi, jamani. Kwenye baraza la kata Yasmini alimuuliza mbele ya watu:

“Shemeji, hitima ile ulimsomea nani?”

“Ile ilikuwa dua,” Hamdani akajibu. “Dua haina muhuri.”

Nilitaka kumrukia, wazee wa baraza wakanishika. Mwenyekiti akasema Yasmini hana cheti kinachokubalika, na njia iliyobaki ni moja: Yasmini akaripoti polisi kwamba mumewe amepotea, kisha zikipita miaka mitano bila habari zake, mahakama inaweza kumhesabu amekufa.

Nilipomweleza shehe wetu, alinitazama kwa huruma. Akasema mwenye eda akiwa na dharura kama ile anaruhusiwa kutoka, na ningemuuliza angeniambia.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka polisi. Askari alikuwa kijana mpole. Alifungua kitabu, akaandika jina la Dunia, akauliza kama Yasmini anajua mumewe aliko. Nikamnong'oneza aseme hajui, aseme tu, nyumba ya wanawe ipone.

“Shangazi,” akaniambia, “nilikusikiliza mara moja.”

Akamgeukia askari. “Mume wangu amefariki. Nimeling'olea kaburi lake majani. Ukiweza kuandika hivyo, andika.”

Askari akasema hivyo hawezi. Akakata jina la Dunia kwa mstari mmoja, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yetu.

Sasa nyumba yote ameishika Hamdani, na Yasmini amepanga chumba kwa watu, yeye na wanawe, na mawese bado anauza. Hamdani ameweka pazia jipya kwenye dirisha la mbele. Mimi nakwenda kwa Yasmini kila Ijumaa. Ananikaribisha, ananipa kiti, anasema shikamoo shangazi. Ushauri haniombi tena.