Nilimupigia Kakule Tole Mupaka Kichwa Yake Ikaharibika

Bandugu, mi njo niliharibu kichwa ya rafiki yangu. Haiko vita. Vita ilianza ile kazi, mais mi njo nilimaliza, na sina mutu ya kusingizia.

Nitamuita Kakule. Musichoke kumutafuta, juu Butembo ukiita "Kakule" ku soko, batu kumi banageuka. Jina yangu sitaitaja, na mutajua juu ya nini.

Tulikomala pamoja Mutwanga, chini ya mulima. Batoto ya kule banajua kazi ya kulinda shamba. Nyani banatoka mu parc ya banyama, banamaliza mihindi, donc baba anakupana tole, kipande ya bati, na kijiti, unapiga mupaka mikono inawaka. Mi na Kakule tulikuwa na mupigo yetu: tatu pole pole, kisha mbio mbio bila kupumua. Moja akiipiga, mwenzake anaacha shamba ya kwao na anakimbia kumusaidia. Miwa tuligawa, viboko tuligawa. Mama yake alinipakulia fufu sawa mutoto yake wa kuzaa.

Vita ilipofika, kijiji muzima ikakamata ile mupigo. Ukisikia tatu pole pole, kisha mbio mbio, ujue baasi banakuja, beba batoto, jifiche. Kitu ya kufukuza nyani ikakuwa kitu ya kuponyesha batu.

Mi nilihamia Butembo, nikafungua atelier ya kutengeneza na tole malle ya kuweka nguo na mbabula ya kupikia. Kakule alibakia Mutwanga. Siku moja ya kuvuna kakao, baasi balimukamata yeye na ndugu yangu mudogo, Mbusa.

Kisha miezi munane Kakule akarudi Mutwanga, peke yake.

Ile siku nilikuwa nimeenda kule kuona mama yangu. Alimukimbilia Kakule, akapiga magoti mbele yake. Mama muzima, mbele ya mutoto! Akamuuliza Mbusa iko wapi. Kakule alimuangalia, kisha akacheka. Alicheka mupaka machozi ikatoka.

Ile kicheko nilirudi nayo Butembo. Batu balisema ni ugonjwa, vita imemugusa kichwa. Mi nilikatala. Nilisema huyu ameuza ndugu yangu, na sasa anajifanya fou. Nikaapa atalipa.

Mungu ao shetani, sijui, akamuleta karibu yangu. Mama yake alikimbia naye Butembo, bakapanga nyumba nyuma ya barabara ya ma atelier yetu. Ule mama akaanza kuuzisha makala ya kupikia, na meza yake pale ku barabara. Kila asubuhi Kakule anapita mbele yangu na bidon, anaenda kuchota maji.

Siku za kwanza nilipiga tole kama kawaida, hakugeuka hata. Butembo ni makelele tu. Njo nikawaza ubaya. Nikakamata nyundo, nikapiga tatu pole pole. Akasimama. Nikapiga mbio mbio.

Alitupa bidon, akaingia mu mufereji ya maji chafu, akalala kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Tulicheka! Mi na bajirani ya ma atelier, tulicheka mupaka tukashika mbavu. Nilisikia raha, sitabadanganya. Nilisikia raha sawa mutu ameshiba nyama.

Kesho nikarudilia, na kesho yake. Wiki tatu! Ukiniuliza nilitaka nini, nilitaka aseme. Nilikuwa naenda pale ku mufereji, nainama, namuambia ataje fasi Mbusa iko, nitaacha. Anatetemeka tu, meno inagongana.

Mama yake alikuja kuniona. Hakulia. Aliniambia muganga amemupana Kakule dawa, ameanza kulala, ameanza kuomba chakula mwenyewe, na juzi alitaja jina ya Mbusa mara mbili.

"Mwanangu, achilia ndugu yako apone," akaniambia. "Atatuambia yote. Umupatie tu muda."

Mi nilimujibu: mama yangu pia halali. Ule mama wa kunikomalisha na fufu yake! Nikamugeuzia mugongo, nikaendelea kukata tole.

Kesho yake nilipiga nguvu kuliko siku zote.

Ile siku Kakule hakuingia mu mufereji. Alikimbia mupaka ku meza ya mama yake, akamuangusha, akamukokota chini ya meza, akamulalia juu, akamuziba kinywa na mikono mbili. Alikuwa anamuficha. Alimuziba kinywa juu baasi basisikie pumuzi yake. Mi nilielewa palepale, juu mi njo nilipiga. Mais batu ya njia balisema anaua mama yake, bakamurukia na fimbo na mawe. Nilisimama nikiangalia. Neno moja tu ingetosha, na kinywa yangu ikakatala kuitoa.

Mama yake alivunjika mukono. Kakule balimufunga kamba, bakamupeleka ku kituo ya bagonjwa ba kichwa. Tangu ile siku hajasema tena, hata jina yake.

Kisha miezi mbili, simu ikatoka Beni: basoldat bametoa batu mu pori, na Mbusa iko kati yao.

Muzima! Amekonda mifupa tu, mais muzima! Tulimupokea kwangu Butembo na nyimbo, mi na mama. Mbele ya kukaa ku kiti, aliuliza: "Kakule alifika?"

Njo akatuelezea. Mu pori aliumia muguu, na kule mutu akishindwa kutembea banamumaliza. Kakule alimubeba mu mugongo siku ine, na muzigo ya baasi juu ya kichwa. Balimupiga kitako ya bunduki ku kichwa ili amutupe, akakatala. Kisha masasi ya basoldat ikabatawanya, kila mutu na njia yake. Mbusa balimukamata tena, muguu ikiwa imeanza kupona, na Kakule hakujua kama alipona.

Huyo njo mutu nilikuwa nacheka.

Nilimupeleka Mbusa ku kituo. Kakule alimuangalia sawa anaangalia ukuta. Mbusa akaanza kuuliza mu quartier, akasikia kuko mutu ya ma atelier alikuwa anamuchokoza Kakule na tole. Jina hakuna mwenye alimupatia. Bajirani pia balicheka, banaogopea ngozi yao. Akaja kwangu.

"Kaka, we unatumikia pale," akaniambia. "Nitafutie ule mutu. Ku polisi mi sitamupeleka."

Nikamuitikia. Nikasema ntauliza.

Nilikimbia kwa mama ya Kakule kumuomba asinitaje. Niliwaza atanifukuza, ao ataita batu. Alikuwa anapanga makala na mukono moja. Hakuniangalia hata.

"Leo mi sitasema," akasema. "Mbusa alikuja hapa mara mbili, sikusema. Rudi kwako, ukule naye. Kila siku akikugawia mboga, ukumbuke jina yako iko kwangu. Siku ntataka, ntaitaja."

Bandugu, hiyo njo kisasi. Yangu ilikuwa muchezo ya batoto.

Sasa ni mwezi ya tatu. Mbusa ananipakulia na mukono yake, ananiita kaka, anauliza kama nimemupata. Najibu bado. Nimepima kusema kweli, ulimi inakufa. Nimewaza kukimbilia Manguredjipa kuchimba zahabu, mais ntamuacha mama namna gani?

We mwenye uko na mutu unataka alipe, mungojee kwanza aongee. Hata akikucheka mu uso, mungojee. Ukishindwa, ujue kuko mutu fasi fulani mwenye anajua jina yako, na ule haiko na haraka.