Kiburi cha Goti

Kwa miaka tisa Imakulata alimpigia magoti mama mkwe wake kila asubuhi, kama mke wa Kinyamwezi alivyofunzwa, na hakuna aliyemsifu. Siku aliyoacha, kijiji kizima kikajua.

Wala hakuacha kwa kupenda. Mwaka themanini na mbili, wakipakia tumbaku ya shamba la kijiji, aliteleza kwenye tela akiwa na robota kichwani. Mguu ukabaki, mwili ukageuka. Tangu hapo goti lilikuwa likikwama katikati ya kukunjwa. Akasalimu kwa kusimama: "Shikamoo, mama." Mama mkwe, Bi Pelagia, akatazama kuku.

Walimpeleka Tabora mjini, akapigwa eksirei. Mfupa mzima. Basi hapo ndipo walipompatia: kama mfupa ni mzima, kilichovunjika ni adabu. Shambani wakasema anategea kazi, nyumbani wakasema ana kiburi. Mumewe Marko, aliyekuwa akimkanda goti hilohilo kwa maji ya moto chumbani, mbele ya mama yake alikuwa bubu. Mwaka wa pili Bi Pelagia akakata shauri: Jumapili baada ya misa wazee wakutane, Imakulata apige magoti aombe radhi, la sivyo arudishwe kwao Nzega.

Ijumaa akadandia lori la tumbaku hadi hospitali ya misheni. Daktari Kornel alikuwa na mashine mpya, iliyoletwa kwa ajili ya wajawazito. Wanawake wa kwenye benchi walipoona anaitwa, wakampa hongera. Daktari akampaka mafuta ya baridi gotini, akapitisha juu yake kidude mfano wa kipande cha sabuni, akamweleza kwamba sauti isiyosikika inaingia ndani na kurudi na picha.

"Eksirei huona mfupa," alisema. "Hii inaona vitu laini. Ile nyeupe unayoitafuna kwenye ncha ya mfupa wa mbuzi ndiyo gegedu. Lako limechanika, tazama ukingo huu. Na hapa pamejaa maji."

"Kwa hiyo si kiburi?"

"Kiburi hakionekani humu, dada."

Akamwandikia cheti: asipige magoti.

Jumapili Mzee Eustace, balozi wa nyumba kumi, alikisoma mara mbili. Wazee wakatazamana. Bi Pelagia akashusha pumzi.

"Kama mashine imesema, basi, mwanangu, nimekusamehe."

Kusamehewa, jamani! Imakulata aliyekuwa ameketi kigodani akainuka polepole.

"Umenisamehe kosa gani, mama? Miaka miwili nimesema linauma, mkasikia kiburi. Mashine imesema mara moja, mmeamini. Na wewe Marko, uliyekuwa ukilikanda, ulikuwa unakanda nini?"

Balozi akakikunja cheti, akakifunua, akakikunja tena.

Jumatatu asubuhi Bi Pelagia alikaa mlangoni mapema, marahaba iko tayari mdomoni. Imakulata akapita mbele yake na jembe begani, akichechemea, wala hakusimama.