Siku Niliyokuwa Mkubwa wa Kaka Yangu

Kwetu Kalemie aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya, awe mwanamume au mwanamke, na jina lake hulitaji ovyo. Yaya wangu alinizidi miaka mitatu. Kila mlo mimi ndiye niliyemnawisha, kwa kuwa mdogo ndiye humshikia mkubwa birika, naye hakuchoka kunichokoza. "Polepole, mudogo wangu, ni mikono tu, si shamba." Basi nami nilimlowesha mkono wa kanzu hadi kwenye kiwiko, makusudi, na Mama akatugombeza wote wawili.

Babu yetu alikuja na biashara kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, akaoa huku, akazikwa huku. Baba alikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza la duka la Mgiriki. Mama alizaa wengi, tukabaki wawili, yeye na mimi binti. Yaya aliugua tumbo utotoni mwaka mzima, na tangu hapo mwili wake ulikataa kukua. Alipofika miaka kumi na minane, mgeni angempa kumi na minne, tena kwa ukarimu. Akienda bandarini kutafuta kazi, kapita, msimamizi wa vibarua, alimpima kwa macho na kumwambia arudi akiota ndevu. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, halafu nyumbani akakataa kula.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa kijana wa nyumba ya pili. Waliingia jandoni siku moja, wakatahiriwa kwa kisu kimoja, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kuwa ni rika. Ila rafiki alirefuka. Akaandikwa bandarini, akapewa kitabu cha kazi chenye umri wake na alama ya kidole gumba. Yaya alimfuata huko karibu kila siku, akitumaini siku moja watapungukiwa watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati mji ungali ukiitwa Albertville. Asubuhi moja winchi ilikuwa ikipakua marobota ya nguo, robota moja likakatika kamba, likaanguka na kupasuka. Kitambaa cheupe kikamwagika kwenye saruji. Kila mtu aliyekuwa karibu alivuta chake. Yaya na rafiki yake walivuta jora moja wakakimbia nalo, na huko nyuma likawa linajikunjua. Polisi hakuhitaji hata kukimbia. Alikanyaga ncha ya kitambaa, akangoja. Hadithi hiyo ilichekesha mji kwa juma zima, na mimi ningecheka pia kama angekuwa kaka wa mtu mwingine.

Tena alikuwa mtoto wa fundi nguo. Nani angeamini kwamba baba hakumtuma? Wateja walianza kupita mbele ya baraza bila salamu.

Lakini tulichoogopa hasa ni buloko, gereza la mji. Wafungwa tuliwaona kila asubuhi wakibeba ndoo za vyoo vya wakubwa. Fimbo hatukuziona, ila tulizisikia kwa wale waliotoka. Mama alisema neno moja tu, usiku na mchana: ule mwili hautastahimili fimbo. Hakutaka haki wala jina letu lisafishwe. Alitaka mwanawe asiingie mle ndani, basi.

Ndipo akaja karani, jirani yetu aliyefanya kazi katika biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, mtu wa viatu na soksi, msomaji wa magazeti. Alikaa, akaweka mguu juu ya mguu.

"Papa, Mama, musilie," alisema. "Sheria mupya imetoka. Mutoto hafungwi. Asiyetimiza miaka kumi na munane, hakuna buloko, hakuna fimbo. Wanamuchunga tu."

"Ametimiza," alisema Baba.

"Nani anayejua? Iko karatasi?"

Karatasi haikuwako. Yaya alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, na umri wake Mama aliuhesabu kwa Ramadhani. Watoto wa misheni walikuwa na kadi za ubatizo. Sisi Waislamu tulikuwa na kumbukumbu za mama zetu, na serikali haikupokea kumbukumbu. Katika nyumba yote karatasi yenye mwaka wa kuzaliwa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. Mama aliteseka siku mbili kunizaa, wakampeleka hospitali, wakatupa cheti. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Ningependa kusema kwamba karani ndiye aliyetoa shauri lile, au Mama. Lakini lilitoka kinywani mwangu. Nilisema, "Mimi niseme ndiye yaya. Niseme yeye amenifuata mgongoni." Nikajiona mwerevu kweli. Karani aliniangalia, akasema mtoto huyu ana kichwa. Baba aliinuka, akaenda kwenye cherehani ya nyumbani, tukaisikia ikienda hadi magharibi. Kesho yake nilipofagia sikuona alichoshona.

Mtaa wote ulijua, na mtaa wote ulinyamaza kwa mapenzi. Hata ngariba aliyewatahiri wale wawili siku moja aliapa kuwa amesahau.

Juji, yaani hakimu, alitusikiliza katika biro yake, si mbele ya watu, kwa sababu kesi za watoto ndivyo zilivyotakiwa. Alikuwa Mzungu kijana, mpole. Alimwamuru polisi amletee Mama kiti. Laiti angekuwa mkali! Ningekuwa na mtu wa kumchukia maisha yangu yote, nikapumzika. Munganga wa serikali alikwisha kumpima Yaya meno na kwapa, kama mtu anayenunua mbuzi, akaandika kuwa umri wake haujulikani vizuri, labda kumi na minne, labda kumi na sita. Kumbe kilichobaki ni mimi.

Mkalimani aliniuliza, "Wewe na huyu, nani alizaliwa mbele?"

"Mimi," nilisema, nikatoa cheti.

Juji akakisoma, akageukia upande wa Yaya. Yaya alikuwa amefungiwa siku kumi na moja, hakuna aliyemwambia shauri letu. Mkalimani akamuuliza mimi ni nani wake, akininyooshea kidole, "Huyu njo nani yako?"

Nilimkodolea macho. Yeye akanitazama, akatazama karatasi mkononi mwa juji, akaelewa. Tulikuwa tumelala mkeka mmoja utotoni, hatukuhitaji maneno mengi. Nikaona anabana tabasamu, kama mtu aliyefikiria jinsi atakavyonicheka tukifika nyumbani.

"Njo yaya yangu," alisema.

Juji akaandika kumi na minne. Kisha akasema kwa muda mrefu, na mkalimani akafupisha. "Mama, mutoto wako hafungwi. Yeye si muntu wa kuazibiwa. Serikali itamulea, itamufunza kazi, mupaka atimize miaka kumi na munane. Mutoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Mama akapiga magoti, akashukuru. Alimshukuru juji, akamshukuru mkalimani, akamshukuru na polisi aliyeleta kiti. Mimi pia nilishukuru. Tulikuwa kwenye ngazi za nje, Mama akifuta machozi ya furaha, nilipoanza kuhesabu. Kutoka kumi na minne hadi kumi na minane ni miaka minne. Na huyo mtu alikwisha kutimiza kumi na minane.

Mama aliniuliza mbona nimesimama.

Rafiki yake Yaya alihukumiwa juma lile lile, katika korti ya watu wazima, kwa kuwa kitabu chake cha kazi kilisema kweli. Alipata miezi mitatu. Kosa lilikuwa moja, kitambaa kimoja, huyu alishika ncha hii na yule ile. Fimbo alizipata, ndiyo, alituonyesha baadaye. Alifyeka nyasi kando ya barabara ya ziwani, na mama yake alipita kila siku kumwona kwa mbali. Kabla mvua hazijaanza alikuwa amerudi nyumbani, anakula ugali na dagaa.

Yaya alipakiwa kwenye treni. Nyumba ile ya kulelea watoto ilikuwa mbali, bara, ng'ambo ya Kabalo, mahali ambapo hakuna ndugu yetu aliyewahi kufika. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda kwa treni siku nzima hadi mto Lualaba, ikavuka, ikaendelea.

Baada ya miezi miwili Baba alinishika mkono, tukarudi biro. Yeye hakusema uongo hata mara moja katika jambo lile, na bado ndiye aliyekwenda kuutubia. Safari hii tulipokewa na ofisa mwingine, na mkalimani yule yule. Baba alieleza yote: mtoto wake ni mtu mzima, binti alidanganya kwa huruma, wampe adhabu ya watu wazima, miezi mitatu au hata sita, arudi. Fikiria baba anayeomba mwanawe apigwe fimbo. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi.

Ofisa alilifungua faili. Mkalimani akasema, "Papa, karatasi inasema mutoto. Karatasi ya binti ni ya hospitali yao wenyewe. Ukisema binti alidanganya, basi binti ametenda kosa mbele ya juji. Yeye ana miaka kumi na mitano. Naye pia ni mutoto. Watoto wanawake wako na nyumba yao, kwa masista." Kisha akashusha sauti, nadhani kwa wema. "Unataka kurudishiwa mumoja, ama kuwatoa wote wawili?"

Baba alinitazama. Ilitosha mimi niseme, "Ndiyo, nilidanganya, niandikeni." Maneno matatu tu. Niliyaweka ulimini. Nikafikiria treni, nikafikiria nyumba ya masista na vitanda vyake vya safu, nikayameza. Baba akavaa kofia yake, akanishika mkono tena, tukatoka. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine, na sikuwahi kumsamehe kwa kutonilaumu.

Barua ilikuja moja kwa mwaka, imepigwa mashine kwa Kifaransa, karani akitusomea. Mtoto ana afya. Mtoto anajifunza useremala. Mtoto ameanza kutii. Siku moja Mama aliuliza, "Mutoto gani?" na karani akakunja barua. Tangu hapo alikoma kututembelea, yeye na viatu vyake. Lakini hakuwa mwongo, nampa haki yake. Alisema mtoto hafungwi, na kweli hakufungwa. Alitunzwa.

Rafiki yake Yaya alikuja kumwamkia Mama kila Ijumaa baada ya sala. Mwaka wa pili akawa anakuja mara mojamoja. Alipooa, akaacha, na Mama akasema heri, kwa sababu kila alipomwona yule alipima urefu wa mwingine.

Nami niliolewa. Si desturi mdogo kumtangulia mkubwa wake, lakini shangazi alisema kwa serikali mimi ndiye mkubwa, basi tufuate serikali. Wanawake walicheka. Ulikuwa mzaha tu, wa harusini. Nililia chini ya mtandio wa ukaya, wakadhani nalilia nyumba ya mama.

Yaya alirudi mwaka wa nne, mwezi ule ule ulioandikwa. Tulimngoja stesheni, Mama, mume wangu na mimi. Baba hakuweza kusimama muda mrefu tena. Abiria walishuka, wakatawanyika, akabaki mtu mmoja mfupi mwenye ndevu, ndevu nzito kabisa, zile alizoambiwa na kapita akaziote. Alikuwa amevaa kaputula na shati la watoto, sare ya kule, magoti nje. Miaka ishirini na miwili. Mama alimpita, akaendelea kumtafuta.

Nikainama kumwamkia kama ilivyonipasa, mdogo kwa mkubwa. Yeye akaninyanyua kwa kiwiko. Halafu akainama yeye, chini kabisa, mbele ya mume wangu na ya wapagazi wa stesheni.

"Habari ya siku nyingi, Yaya."

Nilidhani ni uchokozi wake wa zamani. Nikatafuta lile tabasamu alilolibana kwa juji. Nilingoja litoke.

"Acha mchezo," nilisema. "Yaya ni wewe."

"Hapana," alisema taratibu. "Kule walinifunza. Kila nilipowaambia nina miaka mingapi, walinipiga kwa kusema uongo. Mwisho niliacha kusema uongo."

Kumbe fimbo zilikuwepo hata kule. Mama alisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kinywani.

Nyumbani nilipika wali na samaki. Baba alikuwa mkekani na mume wangu, na nafasi ya Yaya ilikuwa pale kati yao. Nikachukua birika na beseni niwanawishe wanaume, nikiwa nimeamua kumlowesha mkono wa shati, ili anigombeze, ili jambo moja tu lirudi mahali pake. Nilipofika kwake alinyanyuka, akanipokonya birika. Alifanya hivyo kwa upole, kama alivyofunzwa. Akaniketisha mahali pake, akapiga magoti.

"Nawa, Yaya," alisema.

Nilimtazama Baba. Baba akainamisha kichwa. Yule mtu aliyamimina maji vizuri, polepole, bila tone moja kunimwagikia nguo. Nikanawa.