Askari wa Kulia Kwangu

Bado naona kama ni uongo. Jina lako liko juu kabisa kwenye simu yangu, Mjomba, na meseji yako ya mwisho bado inasubiri jibu.

Kwa wasiomjua: Mjomba Wekesa alikuwa mdogo wake mama, askari wa kampuni ya ulinzi hapa Doha. Jumatatu alasiri alianguka kwenye basi la kazi akitoka post yake ya Lusail. Hakuamka tena.

Mama ni nesi. Simu ilimkuta akimfunga mgonjwa bandeji. Alimaliza kuifunga, ndipo akakaa chini.

Mimi huwa siandiki hapa. Wengi wenu mnanifuata na hamjawahi kusikia sauti yangu. Leo naandika kwa sababu kuna kitu nilimfanyia, na sikuwahi kumwomba msamaha.

Off yake ilikuwa Ijumaa. Alikuwa akija kwetu akitoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, anavua viatu, anakaa chini ya AC, anauliza, "Mwalimu, wiki hii tumesoma nini?"

Mwalimu ni mimi. Mimi ambaye darasani siwezi kusema sentensi tatu bila kutetemeka.

Muhula uliopita nilipewa presentation: jinsi Wazungu walivyopigana vita, kutoka Wagiriki wa kale mpaka leo. Nililia. Mjomba akasema, "Simama hapo. Mimi ndio darasa." Mara ya kwanza, darasa lilisinzia kwenye kochi.

Mara ya pili nikaacha Kiingereza, nikamweleza kwa Kiswahili. Kwamba Mgiriki alishika ngao mkono wa kushoto, nusu inamkinga yeye, nusu inamkinga aliye kushoto kwake. Mjomba akaenda jikoni akarudi na sinia. Mama akapewa mfuniko wa sufuria, mimi ubao wa kukatia mboga.

"Mwalimu kaa kushoto kwangu. Dada, wewe kushoto kwa Mwalimu. Twende."

Tukaenda. Kila mtu anajibanza kwenye ngao ya mwenzake, safu nzima ikazidi kuvutika kulia, mpaka Mjomba akagonga friji. Hata kwa Wagiriki ilikuwa hivyo hivyo, safu zao zilivutika kulia. Nilikuwa nimeisoma tu. Siku hiyo nikaielewa.

Nikamuuliza, "Na wewe wa mwisho huko kulia, nani anakukinga?"

"Mimi ni askari, Mwalimu. Nimezoea pembeni."

Mama akasema, "Askari wa sinia. Lete hapa, nataka kupakua."

Ijumaa kwa Ijumaa tukasonga mbele. Warumi, waliochimba handaki kuzunguka kambi kila jioni hata wakiwa wamechoka: "Supervisor wao ni ndugu wa supervisor wangu." Mashujaa wa farasi waliovaa chuma mwili mzima: "Hao wangeletwa Doha mwezi wa saba, wangeiva." Kisha baruti, mizinga, mitaro, bunduki za rashasha. Watu wakawa wanauana wakiwa mbali zaidi na zaidi.

Picha yangu ya mwisho ilikuwa droni. Nikamwambia anayeirusha anaweza kuwa nchi nyingine kabisa, kwenye kiti, anabonyeza tu.

Mjomba hakutania. Aliuliza, "Akimaliza shift anaenda nyumbani kula?"

"Ndiyo."

"Na yule mwingine hakumwona hata uso."

Presentation ilienda vizuri. Sikuamini kama ni mimi. Mwalimu wa historia akauliza nani alinisaidia. Kichwani nilikuwa na jibu kwa Kiswahili: mjomba wangu ni askari. Mdomoni likatoka "soldier".

Darasa zima likageuka. Alipigana wapi? Una picha? Ningesema tu, hapana, ni guard. Neno moja. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa hivyo na sikutaka iishe. Nilituma picha yake ya uniform kwenye group, nikiwa nimekata sehemu yenye jina la kampuni.

Wiki chache baadaye nilienda madukani Al Sadd na wasichana wawili wa darasa letu. Mjomba alikuwa mlangoni pa duka, post yake ya wakati huo. Aliniona, akainua mkono, anatabasamu.

Simu ikalia. Mmoja wao, aliyekuwa nyuma yangu hatua mbili, ameandika kwenye group: huyu si yule mjomba wako soldier?

Sikuinua uso. Nikaandika: hapana, simjui huyo.

Nilibonyeza tu.

Nilipofika mlangoni mkono wake ulikuwa umeshuka. Alikuwa amenielewa. Akatufungulia mlango, akaniambia, "Good afternoon, ma'am." Hakunisuta. Alikuwa ananisaidia.

Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida, mimi nikajifungia chumbani. Baadaye akahamishiwa Lusail. Mama anasema walihamishwa wengi, haihusiani na mimi. Sijamwambia mama kwa nini nauliza.

Meseji yake ni ya Jumamosi, siku mbili kabla ya basi: "Mwalimu, umepotea. Vita imefika wapi?" Niliisoma. Nikasema nitajibu kesho.

Jana niliandika kwenye group la darasa, na leo naandika hapa kwa wote. Mjomba wangu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa guard. Ndiye aliyetufungulia mlango Al Sadd, na ndiye niliyesema simjui. Namjua. Aliitwa Wekesa na alinifundisha kuongea.

Leo asubuhi tulikuombea kabla hujapelekwa airport, safari ya Bungoma. Watu walipanga mstari, mama akanivuta nisimame naye kushoto kwa jeneza. Nilizunguka nikaenda upande wa pili, ule usio na mtu. Aliniuliza kwa macho, nami kwa mara ya kwanza nikaongea mbele ya watu wote hao bila kutetemeka. Nikasema, "Huyu ni mjomba wangu."

Lala, Mjomba. Kulia kwako nipo mimi.