Gogo Chini ya Majivu

Jana mdogo wangu wa mwisho, anayesoma sekondari kule Walikale, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Kaka, mwalimu wa chimie anatuuliza juu ya nini unga inafanya reaksio mbiyo kupita kipande. Unisaidie, kesho tuko na interro." Yaani swali la kemia, la jaribio la darasani: kwa nini unga hubadilika upesi kuliko kipande kizima. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikaniishia. Kati ya watu wote duniani, huyu ndiye wa kuniuliza swali hilo!

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Utotoni tuliishi kwa bibi, kwenye vilima vya Masisi, katika nyumba ya udongo iliyokuwa na jiko ndani na paa la nyasi lililonuka moshi na maharage. Moto wa bibi haukuzimika. Kila jioni alifukia gogo nene la mkaratusi chini ya majivu, na asubuhi ncha yake ilikuwa bado nyekundu. Jirani aliyeamka na jiko baridi alibisha hodi na kigae mkononi, akapewa kaa la moto. Kumnyima mtu moto ilikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima chakula. Tena bibi alikuwa na msemo wake, alioutwanga masikioni mwetu mpaka tukauchoka: "Kuni munene njo inachunga moto, kuni mwembamba njo inapika."

Basi mama akaenda sokoni Walikale, na nyuma yake barabara ikafungwa. Risasi zikaanza kulia upande wa bondeni. Bibi akafunga mlango, akaweka kinu nyuma yake, tukabaki ndani: yeye, dada yangu, mimi, na huyo mdogo wangu ambaye hakuwa na jino hata moja. Rundo la kuni lilikuwa nje, mahali panapoonekana kutoka njiani. Ndani tulikuwa na mahindi makavu, maji ya mtungi na lile gogo. Kiberiti hatukuwa nacho, maana mwenye moto usiozimika anunue kiberiti cha nini?

Ninachokumbuka zaidi ni ukuta. Niliuangalia mpaka nikajua kila ufa wake. Nje mchana ulikuwa mzuri, ng'ombe wa watu walilia wakitaka kukamuliwa, na mimi nilitamani hata kutumwa maji, kazi niliyoichukia kuliko zote. Mtoto naye alilia kwa njaa, na kila alipolia tulitazama mlango.

Dada hakuvumilia. Alilivuta gogo kutoka majivuni, akalipuliza, akateleka chungu juu yake. Gogo halikuwaka, lilifuka tu. Maji yalibaki baridi, na moshi mzito ukaanza kupenya nyasi za paa. Bibi alilifukia upesi kwa mikono mitupu.

"Koko, mutoto atakufa njaa!" dada akamwambia bibi huku analia.

"Na moshi ikituonyesha, atapona?" bibi akajibu. "Leta kisu."

Alilichonga gogo kwa upande usio na moto, taratibu, akitoa vibanzi vyembamba kama majani ya kitunguu. Mahindi hakuyatwanga, kwa sababu kinu kina mdomo, kingesikika mpaka njiani. Tuliyasaga kwenye jiwe, kwa zamu, polepole, mpaka unga ukawa laini kama vumbi. Kila kitu tulikifanya kidogo, hata sauti zetu. Vibanzi vilipoguswa na kaa viliwaka mara moja, mwali mweupe, bila moshi wa kuonekana. Uji ukaiva kabla hofu yetu haijaisha. Mtoto alikunywa, akalala na mdomo mchafu.

Siku zilizofuata gogo likafupika. Ukilichonga, unapika lakini unaupunguzia moto maisha. Ukiliacha, moto unaishi na mtoto hali chochote. Lilipobaki kipande cha kiganja, asubuhi moja, mlango ukabishwa.

"Mama, ni miye, jirani yako," sauti ikasema. "Wenye bunduki wameenda. Kwangu moto ilizimika. Uko nayo?"

Bibi akasogeza kinu, akafungua. Jua likaingia lote. Alilipasua lile kaa la mwisho katikati, nusu akamwekea jirani kwenye kigae.

Mama alirudi barabara ilipofunguliwa. Bibi sasa hayupo, nyumba ile nayo haipo. Nilimjibu mdogo wangu kama nilivyofundishwa darasani: kitu kikigawanywa vipande vidogo, nyuso zake za kuguswa na hewa au maji huwa nyingi, ndiyo maana hubadilika haraka. Akasema, "Aksanti kaka, nimesikia." Hajui kwamba jibu hilo aliwahi kulinywa.

Nami nikawasha gesi kwa kidole kimoja. Barabara ya kwetu imefungwa tena, siwezi kwenda kumwona mdogo wangu. Hapa mjini mlango wangu una kufuli mbili, na hakuna anayebisha kuomba moto.