Vijani Vitatu vya Chini Kabisa

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili Toronto, miaka ya mwanzo ya 2010, kazi yangu ilikuwa kuchambua tope. Lilitolewa chini ya ziwa moja la kaskazini kabisa, kwenye barafu, likaletwa ndani ya bomba refu. Nililikata vipande, nikachekecha, nikatafuta kwa hadubini vijani vilivyozama humo zamani. Usiogope sayansi yake. Mmea ukiwa hai huchukua kaboni ya hewani; ukifa, sehemu ndogo ya kaboni hiyo hupungua polepole, kwa mwendo unaojulikana. Pima iliyobaki, utajua ulikufa lini.

Kipande cha chini kabisa kilinipa vijani vitatu tu. Hivyo ndivyo vingesema ziwa lilianza lini, na tasnifu yangu yote iliegemea hapo. Nikaviweka kwenye kichupa cha maji ndani ya friji, nisubiri vingine. Nikasubiri miezi minne.

Fundi wa maabara, mzee wa Kiismaili aliyezaliwa Dar, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Binti, hii sampuli au achari?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hujakausha?"

"Bado, mzee."

"Bado! Kwenye maji kuvu huota. Kuvu ni wa leo, na kaboni yake ya leo. Jani la kale litatoka kijana, nawe utaamini."

Kwenye hadubini niliona nyuzi nyeupe mbili. Nikajiambia ni pamba. Nikavikausha vijani jioni ile ile, nikapanda basi la barabara ya Finch, nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu. Asubuhi nikaangalia tena: nyuzi zilikuwa na matawi, na pamba haina matawi.

Fomu ya kupeleka sampuli kwenye maabara ya kupima umri iliuliza: imehifadhiwaje? Ningeweza kuandika "kavu", na kwa siku ile isingekuwa uongo. Kalamu niliishika, nikaiweka, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Mara tatu.

"Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga," mzee akasema. "Andika, mama."

Nikaandika: ndani ya maji, miezi minne. Profesa wangu akasoma, akavuta pumzi, akaifuta sampuli ile kwenye fomu; haikufaa tena kupimwa.

Tulichekecha upya tope lililobaki la kipande kile, mzee kwenye hadubini moja, mimi kwenye nyingine. Hatukupata hata ncha ya jani. Tasnifu yangu inaanzia kipande cha pili kutoka chini. Chini yake, penye umri wa ziwa, kuna kistari tu, bila namba.